SABUFA KWENYE PIKAPU: ilianzia uwanjani, ikaishia nyuma ya kichwa cha mtoto (Masikio ya Mtoto, Sehemu ya 3)

Sehemu ya 1 tuliongelea nta ya masikio, Sehemu ya 2 sikio linalotoa usaha. Leo tunaingia kwenye gari.

Swali limekuja mara nyingi sana: "Nesi, baba mtoto amefunga sabufa kwenye pikapu, na mtoto bado mdogo. Ina madhara?" Jibu fupi: inategemea sauti iko juu kiasi gani, mtoto anakaa humo muda gani, na boksi limekaa wapi. Jibu refu lina historia, na hiyo historia ndiyo inaonyesha shida ilipoanzia. Twende pole pole.

*1. Spika ilitengenezwa kwa ajili ya watu walio mbali*

Mwaka 1915, huko Napa, California, kulikuwa na mafundi wawili, Peter Jensen aliyezaliwa Denmark na mwenzake Edwin Pridham. Walichukua koili ya waya, wakaiweka kwenye sumaku, wakaiunganisha na tarumbeta la gramafoni. Sauti iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko chochote walichowahi kusikia. Wakakiita kifaa chao Magnavox, maana yake kwa Kilatini ni sauti kuu. Mkesha wa Krismasi mwaka huohuo kilitumika mbele ya umati jijini San Francisco. Mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson alikitumia kuhutubia uwanja uliojaa watu San Diego.

Shika hapo. Shida waliyokuwa wanaitatua ni UMBALI. Mtu aliyesimama nyuma kabisa uwanjani naye asikie.

*2. Ikapanda juu ya gari*

Haikuchukua muda watu wakagundua kwamba ukifunga spika juu ya gari, huhitaji kuwaita watu. Unawafuata. Wanasiasa, wahubiri, wafanyabiashara, wote wakaingia barabarani. Na malalamiko yakaanza. Marekani ugomvi ulifika hadi Mahakama Kuu ya nchi: mwaka 1948 mahakama ikamkubalia mhubiri mmoja wa Lockport, New York, aliyekuwa ametumia spika zilizofungwa juu ya gari bila kibali. Mwaka 1949, kwenye kesi nyingine kutoka mji wa Trenton, New Jersey, mahakama hiyohiyo ikasema mji una haki ya kuzuia magari yenye kelele za kupita kiasi mitaani. Yaani ndani ya mwaka mmoja tu walikuwa wanapima mambo mawili: haki ya kusema na haki ya mtu kutulia nyumbani kwake.

Sisi gari hili tunalijua vizuri, ni gari la matangazo. Pikapu, spika mbili juu, jenereta nyuma. Na mimi kama nesi silisemi vibaya, kwa sababu mama wangapi wamejua siku ya chanjo kwa kulisikia likipita? Ila angalia: spika ziko juu, zinatazama nje, na gari linapita. Sikio lako linapata kelele dakika mbili, basi.

*3. Ikaingia ndani*

Mwaka 1930 Paul Galvin wa Chicago alikuwa anatafuta biashara mpya wakati uchumi umeanguka. Wakatengeneza redio ya gari, wakaiita Motorola. Alipokwenda kwenye mkutano wa wauza redio Atlantic City hakuwa na meza ya maonyesho, akaegesha gari lake nje na kufungulia redio watu wasikie. Biashara ikaanzia hapo.

Kuifunga ilikuwa kazi kweli kweli. Redio yenyewe, spika na betri za ziada kila kimoja kilitafutiwa mahali pake. Sakafu ilitobolewa kupata nafasi ya betri, na plagi za injini zilibidi zifungwe vifaa vya kuzuia mkwaruzo usiingie kwenye redio. Ndani zilikuwa na vali za kioo, zinapata moto kama balbu, zinakula umeme, sauti yenyewe ya wastani. Asingeweza mtu kuumia sikio kwa redio ile hata angetaka.

Kilichobadilisha mambo ni transista, iliyogunduliwa 1947. Mwaka 1955 Philco na Chrysler walileta redio ya gari isiyo na vali hata moja. Kipindi hichohicho magari ya Marekani yalikuwa yanahama kutoka umeme wa volti 6 kwenda volti 12. Umeme ukaongezeka, vifaa vikapungua ukubwa. Miaka ya 1960 kanda zikaja, na sasa dereva akawa anachagua mwenyewe wimbo wa kusikiliza.

*4. Besi: kwa nini watu huiongeza kila mara?*

Hapa ndipo nesi anaamka.

Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa. Sauti nzito, yaani besi, sikio linaisikia kwa shida. Ili uione iko sawa na sauti ya mwimbaji, lazima iwe na nguvu nyingi zaidi. Ndiyo maana kwenye redio ya kawaida ya gari utasikia maneno vizuri lakini ngoma haipigi kifuani. Fundi atakwambia, "Hapa inatakiwa sabufa na amplifaya."

Zamani besi nzuri ilitaka boksi kubwa kama kabati. Mwaka 1954 Edgar Villchur akaja na wazo: funga boksi kabisa hewa isitoke, halafu hiyo hewa ya ndani ifanye kazi ya springi nyuma ya spika. Boksi dogo likatoa besi ya boksi kubwa. Wazo hilo ndilo limewaokoa wenye pikapu, maana pikapu ya kabini moja haina buti. Nafasi pekee ni ule upenyo nyuma ya siti. Boksi jembamba, lililozibwa, linaingia pale.

Na kuna jambo jingine. Kadiri chumba kilivyo kidogo na kimefungwa, ndivyo besi ile ya chini kabisa inavyojijaza humo. Sabufa ambayo sebuleni ni ya kawaida tu, kwenye kabini ya pikapu au kirikuu inatikisa kioo.

Unaona tulikofika? Kifaa kilichobuniwa ili mtu wa nyuma uwanjani asikie, leo kiko sentimita chache kutoka kisogo cha mtoto, vioo vimepandishwa.

Huyo Villchur, baadaye alihamia kwenye kazi nyingine: vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri. Miaka ya 1970 alitengeneza mfumo wa vifaa hivyo ambao umekuja kutumika sana duniani, na hakuuwekea hatimiliki, aliuacha watu wautumie. Mtu mmoja alitupa besi kwenye boksi dogo, akatupa na msaada wa masikio yaliyochoka. Mimi hilo hunigusa kila nikilikumbuka.

*5. Sikioni kunatokea nini?*

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinywele vidogo sana, kama 15,000 kila upande. Tunazaliwa nazo na zikifa haziOTI tena. Kelele kubwa huzichosha, ikizidi huziua. Kwa kawaida zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Mtoto ataendelea kusikia mlango ukigongwa na wewe ukimwita, lakini herufi kama s, f na sh zinampotea. "Fika" na "shika" anaona ni neno moja. Watu wanasema mtukutu, hasikii anachoambiwa.

Kipimo: kwa wafanyakazi watu wazima, desibeli 85 inahesabika mpaka saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unagawanywa kwa mbili. Kwa hiyo desibeli 100 ni dakika 15 tu. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango cha chini zaidi kwenye vifaa vya kusikilizia: desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki.

Wajawazito nao: sauti nzito hupita kwenye ukuta wa tumbo kirahisi kuliko nyembamba. Usiwe na hofu kwa wimbo mmoja wa njiani, ila safari ndefu kila siku pembeni ya sabufa inayounguruma, hapana.

*6. Sasa tufanyeje?*

Sisemi baba Fulani ang'oe mziki wake. Gari ni kazi, na mziki unachangamsha. Ila:

✅ Mtoto akiwemo, besi inazimwa. Mwambie fundi akufungie kile kitufe cha kupunguza sabufa pale kwenye dashibodi. Ni kitu kidogo tu.

✅ Kama mnalazimika kupaza sauti ili msikilizane mkiwa mmekaa pamoja, iko juu mno. Programu za kupima kelele kwenye simu husaidia kukadiria, ila nyingi huihesabu besi pungufu.

✅ Boksi lifungwe kwa boliti au mkanda imara. Gari likigonga, boksi la kilo kumi na kitu linaruka na kuwafuata mliokaa mbele.

✅ Waya mkubwa wa amplifaya uwe na fyuzi karibu na betri. Waya ukichubuka bila fyuzi, gari linawaka moto.

✅ Boksi lisichukue nafasi ya mkanda wala kiti cha mtoto. Kama siti haitoshi, kinachoshuka ni boksi.

🚩 Mtoto wa miezi sita hageuki akisikia sauti, wa mwaka haiti hata "mama" au "baba", au aliyekuwa anaongea ameanza kurudi nyuma: usisubiri, mpeleke akapimwe usikivu. Na mtu mzima ambaye masikio yanalia "nziiii" baada ya safari, huo ni ujumbe. Chembe zako zimechoka.

Sehemu ya 4 tutaongelea spika za masikioni na simu za watoto. Maswali wekeni kwenye komenti, nikitoka zamu ya usiku nitayajibu. Mtumie na baba mtoto asome mwenyewe, msije mkagombana kwa ajili yangu. 😄