Kodi ya Sakafu

Tangazo lilisema vyumba viwili, baraza ya mbele, na sakafu asili ya mbao ngumu. Dadangu anahamia Hattiesburg, mji mdogo kusini mwa Mississippi, kusomea uuguzi, na kazi ya kupekua matangazo ya nyumba aliniachia mimi. Anaamini mwandishi wa kujitegemea hana kazi. Baada ya siku tatu nikaona kitu: nyumba ikiwa na hiyo sakafu, kodi inapanda. Ikiwa na zulia, inashuka. Mimi wa kukanyaga taili maisha yangu yote, ikabidi nitafute hizo mbao zina nini.

Kwanza, mara nyingi si mbao ngumu. Katika nyumba za zamani za kule, sakafu ni ya msonobari, mti ambao wataalamu wanauweka kwenye kundi la mbao laini. Lakini huu ni msonobari wa majani marefu, na kiini chake kimejaa utomvu, kizito, chekundu kama chai ya rangi. Ulihitaji karne moja au zaidi kukomaa. Msitu wake ulienea kutoka Virginia hadi Texas, ekari zipatazo milioni 90. Hiyo ni zaidi ya nusu ya Kenya nzima. Kufikia mwisho wa karne ya 20 ilikuwa imebaki chini ya asilimia 5.

Hattiesburg yenyewe ilizaliwa ndani ya msitu huo. Mwanasheria na mjenzi wa reli, William Hardy, aliuanzisha 1882 akaupa jina la mkewe, Hattie. Reli ikaja, viwanda vya kupasua mbao vikafuata, na ndani ya miongo michache kukawa na visiki tu. (Hapo jirani, Laurel, ndipo William Mason alipogundua mwaka 1924 namna ya kugeuza mabaki ya mbao kuwa hadibodi. Angalia mgongo wa kabati lako.)

Sasa hapa ndipo Kiswahili kilinikamata. Tunasema kodi ya nyumba, tunasema kukodisha. Mississippi ilikodisha watu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, jimbo liliwakamata wanaume weusi kwa makosa madogo na kuwakodisha kwa mashamba na kampuni. Sheria ya 1876 ilifanya kuiba nguruwe, hata mmoja, kuwa wizi mkubwa. Ungeweza kufungwa miaka 5. Wafungwa hao walitumwa kujenga reli ya Gulf and Ship Island, ile iliyokuja kubeba mbao za Hattiesburg hadi baharini Gulfport. Aliyekodi hakuwa na hasara mfungwa akifa. Aliletewa mwingine.

Katiba ya 1890 ilipiga marufuku biashara hiyo. Usishangilie bado. Katiba hiyohiyo ilileta kodi ya kura, dola 2, pamoja na mtihani wa kusoma, na watu weusi wakafutwa karibu wote kwenye daftari la wapiga kura. Babu zetu walitozwa kodi ya kichwa ili walazimike kutafuta kibarua kwa mzungu. Kule uliitoa ili uruhusiwe kuwa raia, na hata ukilipa, karani angeweza kukufelisha.

Vernon Dahmer aliijua hesabu hiyo vizuri. Alikuwa na shamba, duka, na kiwanda chake mwenyewe cha kupasua mbao nje kidogo ya Hattiesburg. Mtu mweusi aliyeuza mbao pale ambapo wengine walizibeba tu. Januari 1966 redio ilitangaza kwamba watu wangeweza kulipia kodi ya kura dukani kwake, na asiye na pesa, yeye angemlipia. Usiku wa kuamkia tarehe 10, watu wa Ku Klux Klan wakamwaga petroli na kuwasha. Dahmer akabaki ndani akiwafyatulia risasi hadi mkewe na watoto wakatoka kwa nyuma. Moto ulishamuunguza mapafu. Alifariki siku hiyohiyo.

Machi mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta kodi ya kura katika chaguzi za majimbo. Sam Bowers, kiongozi wa Klan aliyeagiza shambulio, alipatikana na hatia ya mauaji hayo 1998.