Nani Ampishe Nani? Anwani za Lori na Anwani za Mtaa

Ndani ya malori makubwa yapitayo Sakina, Arusha, yakitoka Namanga kuna kompyuta kadhaa: ya injini, ya gia boksi, ya breki. Mara nyingi huzungumza kupitia jozi moja ya nyaya. Kila moja hujulikana kwa anwani yake; zikitumia anwani moja, haijulikani ipi imesema, na lori haliwezi kuendeshwa kwa taarifa za namna hiyo.

Mitaani nako tuna mapokeo mawili ya anwani. Kuna ya mazoea: ukitaja "Kwa Iddi", konda wa Sakina anajua pa kukushusha. Kuna na ya mamlaka: mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, barabara zikapata majina na nyumba zikapata namba.

Kiwango cha mawasiliano cha J1939, kinachotumika katika malori mengi, kinafuata njia ya tatu. Anwani zake ni namba 0 hadi 253. Injini hupangiwa 0, gia boksi 3. Hata hivyo, kila kompyuta hulazimika kutangaza mbele ya nyingine anwani inayoitaka, pamoja na jina lake, ambalo ni namba ya biti 64 inayoeleza kiwanda, kazi na namba yake ya pekee. Zikigombea anwani moja, yenye jina la thamani ndogo ndiyo hubaki nayo, hata kama ilichelewa kuwaka.

Anwani na jina ni vitu viwili tofauti: kwetu mpangaji akihama huiacha namba ya nyumba ukutani, akaondoka na namba yake ya NIDA yenye tarakimu 20. Kwenye lori vilevile, kompyuta ikikosa anwani huenda ikatafuta nyingine, ila jina lake ni lile lile.

Lililo bora zaidi limo ndani ya jina hilo. Biti yake nzito kuliko zote hueleza kama kompyuta inaweza kujichagulia anwani nyingine. Inayoweza huandikwa 1, isiyoweza 0. Kwa kuwa thamani ndogo hushinda, isiyoweza kuhama humshinda daima mwenzake anayeweza. Na iliyokosa kabisa haijifichi: hutangaza, kwa anwani 254, kwamba imekosa.

Mazoea humtambua aliyetangulia. Mamlaka humtambua aliyeandikwa. Kanuni ya lori humlinda asiye na pa kwenda. Arusha inapanuka, na mipango mipya ya mitaa itaendelea kuja. Kabla ya kuamua nani asogee, tuulize nani anaweza kusogea bila kuumia. Huyo ndiye ampishe mwenzake.