Jembe, Nyumba na Jimbo Lisilopigiwa Kura

Unyambwa ni kata ya Manispaa ya Singida, na mbunge wake ni wa jimbo la Singida Mjini. Jina la jimbo linaweza kumdanganya asiyewahi kufika. Ukishaacha barabara za katikati, mji wetu ni mashamba ya alizeti, mtama na vitunguu. Mkulima wa pembezoni anahesabiwa kuwa mtu wa mjini, na jembe liko begani.

Jembe hilo liliwahi kuwa kwenye karatasi ya kura. Septemba 1965 Tanganyika ilifanya uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja. Katika majimbo mengi TANU ilisimamisha wagombea wawili: mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Wawili hao walizunguka pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakazungumza Kiswahili tu. Kuomba kura kwa kabila au dini kulikatazwa. Hata Unyaturu, mgombea hakuruhusiwa kuwabembeleza watu kwa Kinyaturu.

Sitaki kuupamba uchaguzi ule. Nani asimame na nani aachwe, kauli ya mwisho ilikuwa ya Halmashauri Kuu ya TANU. Kwenye urais, Nyerere alipigiwa kura za ndiyo au hapana, peke yake. Hata hivyo, Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa kwao Mwanza. Wananchi hawakuweza kukikataa chama, lakini mtu waliweza kumkataa.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na uchaguzi wake wa kwanza ukafanyika 1995. Singida Mjini ilibaki mikononi mwa CCM: mfanyabiashara Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida, aliiwakilisha kuanzia 2005 hadi 2015, akafuatiwa na Musa Sima. Mabadiliko yalitokea kwa majirani. Mwaka 2010 Singida Mashariki ilimchagua Tundu Lissu wa CHADEMA, na mwaka 2015 ikamrudisha.

Tarehe 7 Septemba 2017 Lissu alipigwa risasi Dodoma. Mwezi uliofuata, Lazaro Nyalandu, mbunge wa Singida Kaskazini tangu 2000, alijiuzulu na kuihama CCM. Uchaguzi mdogo wa Januari 2018 CHADEMA iliususia, na Justin Monko wa CCM akachukua kiti. Tarehe 28 Juni 2019, Lissu akiwa bado Ubelgiji alikokwenda kutibiwa, Spika Job Ndugai alitangaza kuwa amepoteza ubunge. Sababu alizotaja zilikuwa mbili: kutohudhuria vikao bila taarifa, na kutowasilisha tamko la mali. Mwezi uliofuata Miraji Mtaturu wa CCM alitangazwa mbunge wa Singida Mashariki, bila kupingwa.

Hayo maneno mawili, "bila kupingwa", ndiyo yanayonikwaza. Yanasikika kama sifa, kana kwamba jimbo zima limekubaliana. Kumbe maana yake ni kwamba sanduku la kura halikufunguliwa. Huenda Mtaturu angeshinda hata kama angepata mpinzani. Hatutajua, kwa sababu hakuna aliyehesabu. Mwaka 1965, mkulima mwenye chama kimoja tu nchini alipewa alama mbili achague. Mwaka 2019, jirani yetu mwenye vyama vingi hakupewa hata moja.

Kizazi changu kimefundishwa kuipima demokrasia kwa idadi ya vyama. Historia ya Singida imenifundisha kipimo kidogo zaidi, ambacho hata mtu wa Unyambwa anaweza kukitumia bila kuisoma katiba: siku ya kura ilipofika, je, karatasi ilikuwa na majina mangapi? Na yule aliyekuwa madarakani, je, tuliweza kumwangusha?