Betri Kavu na Gitaa Kavu: Historia ya Kusikiliza Muziki kati ya Koni na Likasi

Mto Lufira, baada ya kutoka katika Ziwa Tshangalele, huporomoka mara mbili kabla ya kuendelea na safari yake kuelekea kaskazini. Katika poromoko la kwanza, Mwadingusha, kituo cha umeme kilianza kazi mwaka 1930. Katika la pili, Koni, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikamilisha kituo kingine mwaka 1950, chenye uwezo wa megawati 42. Wakoloni waliviita vituo hivyo Francqui na Bia, kwa kuwakumbuka maofisa wawili wa msafara uliofika Bunkeya mapema mwaka 1892, wiki chache tu baada ya Msiri, mtawala wa Bayeke, kuuawa tarehe 20 Desemba 1891. Majina hayo yameondoka, lakini waya zilizotandikwa kutoka hapo hadi Likasi, mji ulioitwa Jadotville tangu 1931 hadi 1966, zingalipo. Umeme wake ulikusudiwa viwanda vya Shituru, ambako shaba husafishwa kwa nguvu ya umeme, na kwa jumla haukukusudiwa nyumba za watu ambao waya hizo ziliwapitia juu ya vichwa.

Jambo hili lina uzito wake katika historia ya usikilizaji wa muziki. Siku hizi husemwa kwamba podikasti, yaani kipindi cha sauti ambacho msikilizaji hukipakua katika simu na kukisikiliza kwa wakati aupendao, imeleta uhuru mpya: mtu hujichagulia muziki na mwenye kuusimulia, bila kungoja saa ya mtangazaji. Katika eneo la Koni na Likasi dai hilo halina budi kupimwa kwa historia ndefu zaidi. Huko swali la nani achague cha kusikilizwa limeambatana daima na swali jingine: sauti yenyewe itaendeshwa kwa nguvu ipi, na itasimuliwa kwa lugha ya nani.

Mwaka 1949 ilianza kuuzwa katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, redio ndogo iliyojulikana kama redio ya sufuria. Aliyehangaikia kupatikana kwake alikuwa Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya huko. Umbo lake lilitokana na sufuria ya alumini iliyopakwa rangi ya samawati. Ndani yake mlitiwa mitambo ya kupokea mawimbi mafupi. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake kavu, iliyouzwa mbali kwa pauni moja na shilingi tano, iliweza kudumu kwa muda wa saa 300 hivi. Ilibuniwa hivyo kwa sababu wanunuzi waliokusudiwa hawakuwa na umeme majumbani. Kituo cha Lusaka kilichoihudumia kilitangaza kwa Kibemba miongoni mwa lugha nyingine, na Kibemba hakiishii mpakani: husemwa pia kusini mwa Katanga na katika makambi ya migodi. Mawimbi mafupi nayo hayaulizwi pasi. Basi ni dhahiri kwamba mfanyakazi wa Jadotville aliyepata chombo cha namna hiyo hakufungwa na idhaa za serikali yake peke yake. Wasikilizaji wa Lusaka walipenda kuandika barua, wakisifu, wakilaumu, na kuomba nyimbo. Peter Fraenkel, aliyefanya kazi katika kituo hicho, amesimulia habari zake katika kitabu chake *Wayaleshi* cha mwaka 1959, na asomaye huona jinsi msikilizaji alivyojihesabu kuwa mwenye haki juu ya kinachopigwa.

Hata hivyo, tukio kuu la historia hii halikutokea mbele ya redio, bali barabarani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika ya Kati na ya Kusini kurekodi muziki, alifika Jadotville. Huko alimkuta kijana wa miaka ishirini na miwili hivi aliyekuwa akipiga gitaa, Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Tracey alisafiri na jenereta yake mwenyewe, ambayo alipenda kuiweka mbali ili mngurumo wake usiingie katika rekodi. Kwa hiyo hata katika mji uliolishwa na maporomoko mawili ya Lufira, sauti ya Mwenda ilinaswa na mtu aliyekuja na umeme wake ndani ya gari. Na gitaa lenyewe lilikuwa lile ambalo wapenzi wa muziki wa Kongo na Kenya huliita gitaa kavu, yaani lisilotiwa umeme. Betri kavu kwa msikilizaji, gitaa kavu kwa mpigaji: ukavu huo ndio uliouwezesha muziki huu kwenda popote.

Upigaji wa Mwenda ulikuwa wa vidole viwili, cha gumba na cha shahada. Gumba lilishika sauti nzito kwa mwendo wake, na shahada ikacheza juu yake kwa mwendo mwingine, hata asiyemwona akadhani wapigaji ni wawili. Wimbo wake "Masanga" ulitunukiwa kuwa miongoni mwa rekodi bora za muziki wa Kiafrika za mwaka huo, ukatolewa katika sahani za Gallotone zilizotengenezwa Afrika ya Kusini, na baadaye ukachambuliwa kitaalamu na David Rycroft katika jarida la *African Music* mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wataalamu wengi wameukazia macho ufundi wa vidole. Pengine wameukazia mno, kwa maana msikilizaji wa Jadotville hakusikia vidole tu, bali alisikia maneno ya mji wake.

Maneno hayo yalikuwa Kiswahili cha Katanga, lugha ya makambi ya kampuni na mitaa ya wafanyakazi, inayosema *batoto* pale wengine wasemapo *watoto*, na inayochota kwa Kiluba, Kibemba na Kifaransa bila kuona haya. Katika ofisi na shule Kiswahili hiki kilihesabiwa kuwa kibovu. Johannes Fabian ameonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1986, jinsi utawala na kampuni zilivyojaribu kuielekeza lugha hii kwa vitabu vya msamiati na mafundisho. Sahani ya gitaa haikupitia kwa mwalimu. Iliipeleka lugha ya Jadotville jinsi ilivyo hadi Nairobi, na huko haikucheka mtu aliyetaka kujifunza gitaa. Mwaka 1959 Mwenda mwenyewe alikaa Nairobi kwa miezi kadhaa, akipiga katika kipindi cha redio kilichotangaza dawa ya Aspro. Mwenzake Edouard Masengo naye aliimba huko kwa ajili ya Coca-Cola. Vijana wa Kenya walitega sikio redioni kwa saa iliyojulikana, wakashika gitaa na kuiga walichokumbuka. Hakuna kurudia, kilichopita masikioni kimepita. Wapiga gitaa wa Kenya wa miaka ya 1960 wana deni kubwa kwa kumbukumbu hiyo ya masikio, na haina budi kusemwa kwamba historia za Kiswahili huutaja mara chache mchango huu wa Katanga katika kuieneza lugha.

Miaka iliyofuata inaweza kupitwa kwa haraka. Katanga ilijitenga Julai 1960 na kurudishwa Januari 1963. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire na mkoa ukaitwa Shaba. Jean-Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Utangazaji ulibaki mikononi mwa serikali, na muziki wa Kinshasa, wenye magitaa ya umeme na nyimbo za Kilingala, ulitawala mawimbi. Aliyetaka gitaa kavu la Katanga alitegemea kaseti, ambayo kwa mara ya kwanza ilimpa msikilizaji wa kawaida uwezo wa kurudisha nyuma, kunakili na kumpa jirani. John Low, mpiga gitaa kutoka Uingereza, alipokwenda Shaba mwaka 1979 kuwatafuta Mwenda na Masengo ili ajifunze kwao, alikuwa akiendeleza jambo lile lile walilofanya vijana wa Nairobi, isipokuwa yeye alikuwa na nauli. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Neno podikasti lilibuniwa kwa Kiingereza mwaka 2004, na mwaka uliofuata kampuni ya Apple iliviingiza vipindi vya aina hiyo katika programu yake ya muziki. Muziki wa zamani wa Katanga ukapata mlango mpya. Rekodi za Tracey zilikuwa zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo mwaka 1978 ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes huko Grahamstown. Kampuni ndogo ya Uholanzi, SWP, ilizitoa baadhi yake upya kwa santuri, zikiwamo za magitaa ya kusini mwa Kongo. Vipindi kama *Afropop Worldwide*, kilichoanza katika redio za Marekani mwaka 1988 na sasa husikilizwa pia kama podikasti, vimewafundisha wasikilizaji wa mbali kuutambua muziki wa Afrika, wa Kongo ukiwamo. Hili ni jema. Lakini kipindi hicho husimuliwa kwa Kiingereza. Wimbo wa Kiswahili unapopigwa humo, ni wimbo peke yake unaosema Kiswahili. Anayeeleza maana yake, asili yake na mahali ulipoimbwa humwambia mtu wa New York, na mjukuu wa mfanyakazi wa Shituru, ambaye angeweza kumsahihisha msimulizi, hayumo katika mazungumzo hayo. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilithibitisha kwamba matangazo yanaweza kuendeshwa kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kongo na yakapata wasikilizaji. Kwa hiyo kizuizi hakimo katika lugha.

Kizuizi kingine ni kile kile cha mwaka 1949. Podikasti hutaka simu iliyojaa chaji na fedha za kununulia mega, jina ambalo Wakongo huviita vipimo vya intaneti. Mwaka 1982 ilikamilika njia ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilometa 1,700 hivi, ikavuka nchi nzima bila kuviwashia taa vijiji ilivyovipitia. Mwaka 2021 ukarabati wa Mwadingusha ulikamilika kwa fedha za wachimbaji wa shaba wa Kamoa-Kakula, ambao ndio waliotengewa umeme huo. Koni, poromoko linalofuata, imo katika mkondo huo huo wa maji na wa mipango.

Kwa sababu hiyo muziki katika vijiji vya mkoa huu bado husafiri kwa mkono: huingizwa mjini, penye umeme na mtandao, katika kadi ndogo ya simu, kisha kadi ikahama kutoka simu hadi simu. Chaji hununuliwa kwa mwenye kibao cha jua au jenereta. Aliyelipia chaji hiyo huihesabu. Akiwa na kipindi cha saa nzima ambacho nusu yake ni maelezo ya Kiingereza, atayaruka maelezo hadi gitaa litakapoanza, na atakayoyasikia hapo, gumba likishika mwendo wake, atayaelewa bila msimulizi.