Macho mawili ya mzinga: namna ya kupima umbali katika vita vya 1914-1918

Mwajua ya kuwa vita vikubwa vya 1914-1918 havikubaki Ulaya tu. Mwezi wa septemba 1914 Wadachi waliotawala Rwanda walivuka Ziwa Kivu, wakatwaa kisiwa cha Idjwi mikononi mwa Wabelgiji. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, yalitoka pande za Kivu, yakapita Rwanda na Burundi, hata yakaingia Tabora tarehe 19 septemba. Habari hizo twazisoma katika vitabu vya shule. Lakini jambo moja hatuelezwi: mpiga mzinga alijuaje umbali wa adui aliye ng'ambo ya maji? Yafaa tulifahamu, maana lina fundisho kwa kila mtu anayetaka kuandika historia.

Tuanze na jicho. Simama juu ya kilima cha Bukavu, utazame mti ulio ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda. Je, uko metri 800 au metri 1200? Jicho peke yake halijui. Sasa nyosha mkono, simamisha kidole mbele ya mti ule, ufumbe jicho la kuume, kisha ufumbe la kushoto. Kidole chaonekana kuruka toka upande huu hata upande huu, ingawa hukukitikisa. Ukikileta karibu na uso chazidi kuruka. Ukikipeleka mbali chapunguza. Kuruka huko ndiko kipimo. Jicho moja halioni kama jicho lingine, na tofauti yao ndiyo yatujulisha umbali.

Wapimaji wa nchi waijua hesabu hii tangu zamani. Wapima kwanza mstari mmoja mfupi chini, huo ndio msingi. Kutoka kila mwisho wa msingi wautazama mlima ule ule na kuandika pembe. Wakiwa na msingi na pembe mbili, wapata umbali wa mlima pasipo kuufikia. Lakini kazi hii yataka muda, na vitani adui hangoji. Wapiga mizinga wa zamani walikuwa na njia nyingine: kuhesabu sekunde kati ya moto wa mzinga wa adui na mlio wake, sawa vile tunavyofanya kwa umeme na radi. Sauti yaenda karibu metri 340 kwa sekunde moja, basi sekunde tatu ni karibu kilometri moja. Ni njia nzuri, ila sharti adui awe amekwisha kupiga!

Mwaka 1888 serikali ya Uingereza ilitangaza ya kuwa yatafuta chombo cha kupimia umbali upesi. Walimu wawili wa chuo cha Leeds, Archibald Barr na William Stroud, waliitika. Baadaye karakana yao ilikuwa Glasgow, na chombo chao kikaingia katika merikebu nyingi za vita. Ni bomba refu linalolazwa kama mtambaa-panya. Kila mwisho lina dirisha na kioo kinachopeleka sura ya adui katikati, pale mpimaji awekapo jicho lake. Mpimaji aona sura mbili, moja juu na moja chini. Kwanza hazipatani: mlingoti wa merikebu waonekana kama umekatwa, nusu ya juu imesogea kando. Azungusha kigurudumu kidogo mpaka nusu mbili zikutane na mlingoti uwe mmoja. Ndipo asoma umbali katika mistari ya chombo. Wadachi wa karakana ya Zeiss walitengeneza chombo cha namna nyingine, ambacho mtu hukitazama kwa macho yote mawili pamoja.

Chombo hiki kina mpaka. Mtu mwenye hesabu kidogo atafahamu. Digrii moja hugawanywa katika sekunde 3600. Kama msingi wa chombo ni metri moja, adui aliye metri 1000 afanya pembe ya sekunde 206. Akiwa metri 2000, sekunde 103. Hapo tofauti ni kubwa. Lakini kati ya metri 4000 na metri 5000 pembe yatoka sekunde 52 hata 41 tu. Basi kosa dogo la jicho, lisilo neno kwa adui wa karibu, laharibu kipimo cha adui wa mbali. Umbali ukizidi mara mbili, kosa lazidi mara nne. Dawa ni kurefusha msingi: macho mawili yakitengana zaidi, yaona vema zaidi. Kwa hiyo vyombo vya merikebu vilikuwa na urefu wa metri kadhaa.

Tena, chombo chataka kumwona adui. Mwaka 1914 merikebu ya Wadachi Königsberg, yenye mizinga 10 ya milimetri 105, ilizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, tarehe 20 septemba. Kisha ikajificha katika mito ya Rufiji, nyuma ya miti ya mikoko. Tarehe 6 julai 1915 Waingereza walileta merikebu mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey. Zilipiga zikiwa karibu kilometri 10, wala hazikuiona Königsberg. Kioo gani kitapima umbali wa kitu kilichofichwa? Ilibidi ndege iruke juu, na watu wake watangaze kwa simu isiyo na waya pahali kila kombora lilipoanguka: mbele, nyuma, kuume, kushoto. Siku ile walipiga zaidi ya mara 600, nayo Königsberg haikufa. Tarehe 11 julai walirudi. Ndege ya rubani Cull na mwenzake Arnold ikapigwa. Ilipokuwa ikishuka, Arnold aliendelea kuwatangazia wapigaji. Ndiyo siku Königsberg ilipokwisha.

Wadachi hawakuiacha mizinga yake. Waliitoa yote kumi majini, na mmoja ukafika Ziwa Tanganyika, ukawekwa juu ya merikebu Graf von Götzen pale Kigoma. Baadaye Jenerali von Lettow-Vorbeck aliuhitaji pengine, ukaondolewa, na pahali pake wakaweka mzinga wa mti! Mtu mwenye chombo bora angaliweza kupima umbali wake sawasawa, lakini chombo hakingalimwambia ya kuwa ni mti. Tarehe 26 julai 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha merikebu ile. Iliinuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 yaitwa Liemba.

Sasa tufike kwetu. Mizinga, makombora na chakula cha askari havikutembea vyenyewe. Upande wa Kongo peke yake wapagazi zaidi ya 200.000 walitwaliwa. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na ugonjwa wa tumbo. Habari za vita hivi ziliandikwa zaidi na maofisa, nao waliandika waliyoyaona: kilima kilichotwaliwa, tarehe, idadi ya mizinga. Sisemi walidanganya. Nasema ni jicho moja. Jicho la pili ni la mpagazi, nalo halikuandika kitabu.

Wapagazi wamekwisha kufa, lakini jamaa zao wangali na majina na masimulizi. Vituo vya misioni vina vitabu ambamo Mapadri Weupe waliandika habari za kila siku. Katekista aweza kuuliza mlangoni mwa jamaa pahali ambapo profesa hafiki. Mseminari aweza kusoma ripoti na kuilinganisha. Na maneno ya mzee yasipopatana na ya ofisa, tusifanye haraka kutupa moja. Sheria ya Musa yataka mashahidi wawili. Katika chombo cha Barr na Stroud, sura mbili zisizopatana si hasara: ndizo zampa mpimaji kazi, na mwishoni zampa kipimo.