Teodisia na tatizo la shari

Mwaka 1710 mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz alichapisha kitabu kwa Kifaransa, akakipa jina aliloliunda kwa maneno mawili ya Kigiriki: la Mungu na la haki. Kwa Kiswahili tunaliita teodisia, yaani hoja za kutetea haki ya Mungu mbele ya mateso ya viumbe wake. Swali linalojibiwa na hoja hizo ni la kale kuliko jina. Ikiwa Mungu ni mwema na anaweza yote, mbona watu wanateseka hivi? Swali hilo limezoeleka kuitwa "tatizo la uovu", na hapo ndipo penye kasoro: neno hilo halibebi mateso yote.

Tuitazame Busasamana, sekta ya wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, mpakani na Kongo. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi waliokimbilia parokia ya huko wakitumaini kusalimika waliuawa, kama walivyouawa waliojificha Nyundo na Mudende. Huo ni uovu, na una wenyewe: waliopanga, waliochochea, walioshika mapanga. Wanyarwanda wana msemo kwamba Mungu hushinda kwingine, jioni akarudi kulala Rwanda. Aliyenusurika ana haki ya kuuliza mwezi ule alilala wapi.

Lakini ng'ambo tu ya mpaka kuna volkano ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava yake ilipita katikati ya mji wa Goma, na umati ukamiminika Gisenyi, upande wa Rwanda. Ilipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba na barabara za Rubavu. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 mto Sebeya ukafurika, na katika mafuriko na maporomoko ya mvua ile walikufa zaidi ya watu 130 nchini Rwanda. Hapo mwovu ni nani? Mswahili hasemi mlima una uovu. Husema baa, balaa, maafa.

Tofauti hii inagusa hoja yenyewe. Jibu mashuhuri la siku hizi, lililonolewa na mwanafalsafa Mmarekani Alvin Plantinga, ni kwamba Mungu alimpa binadamu hiari, na mwenye hiari aweza kuchagua kuua. Jibu hilo lina uzito mbele ya parokia ya Busasamana. Mbele ya lava halitoshi, kwa kuwa lava haichagui. Tetemeko la Lisbon la mwaka 1755 liliwafukia watu makanisani asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, na mwandishi Mfaransa Voltaire akaigeukia teodisia ya Leibniz kwa ukali. Tukisema "uovu" peke yake, nusu ya swali inapotea, na jibu la hiari linaonekana limemaliza kazi.

Neno linalobeba pande zote mbili tunalo, nalo ni shari. Waislamu wa pwani hulitumia wanapofundisha nguzo ya sita ya imani, kuamini kadari, kheri yake na shari yake. Yapo madai kwamba shari ni ugomvi tu. Hiyo ni maana moja. Anayemwomba Mungu amwepushe na shari anakusudia panga na gharika pia.

Basi walimu wa seminari, wa madrasa na wa vyuo, andikeni "tatizo la shari", kisha mgawanye: uovu kwa yale ya watu, maafa kwa yale ya ardhi na maji. Teodisia ibaki jina la majibu.