Bunduki ilitangulia, kamera ikafuata

Sisi tunaopiga picha za ndege huku Ituri tuna watangulizi, nami nawaheshimu. Mwaka 1909 jumba la makumbusho la viumbe la New York lilimtuma Herbert Lang, pamoja na kijana wa miaka 19, James Chapin, huku kwetu kaskazini-mashariki mwa Kongo. Walikaa hadi 1915. Lang alipiga maelfu ya picha, akazisafisha hukohuko porini. Lakini tai na vipanga walifika New York wakiwa ngozi zilizokaushwa: walipigwa risasi kwanza, ndipo wakachunguzwa. Kamera za wakati ule, nzito na za polepole, zisingeweza kumfuata tai anayemshukia kima. Kazi ya wawili hao ilizaa vitabu vinne vya Chapin kuhusu ndege wa Kongo, vya 1932 hadi 1954.

Mimi hushuka kutoka Bunia hadi Kasenyi, ufukweni mwa Ziwa Albert, kumsubiri furukombe. Tai huyu hutanguliza miguu, kucha wazi, akamnyakua samaki aliye karibu na uso wa maji, kisha akapaa na windo lake. Leo tunaweza kumjua ndege huyu bila kumuua, na vijana wa Ituri wanastahili kufundishwa kazi hii ya kupiga picha za ndege.